Tuihesabu ndoa ya wazazi wetu kuanzia siku gani?

Mzaliwa wa Maswa

Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu nawasalimu. Naleta jambo la familia ambalo sisi ndugu tumelizungumza kwa muda mrefu bila kufikia mwafaka, nami naamini humu wamo waliokwisha kulipitia.

Wazazi wetu wote wawili wako hai. Wanaishi Maswa, ambayo wakati wa ujana wao ilikuwa Mkoa wa Shinyanga na sasa ni Mkoa wa Simiyu, katika kijiji kile kile walichohamishiwa wakati wa Operesheni Vijiji. Sisi watoto tumetawanyika kati ya Mwanza, Kahama na Dar es Salaam. Tunakusudia kuwafanyia sherehe ya miaka 50 ya ndoa na kuchapisha kijitabu cha kumbukumbu zao, ili wajukuu, ambao wengi wao hata Kisukuma hawakisikii vizuri, wajue walikotoka. Kinachotukwamisha ni kwamba hatujui ndoa yenyewe ilianza lini. Wazee hawajasahau; kila mmoja anakumbuka vizuri sana, ila hawaanzii mahali pamoja.

Baba anahesabu tangu ng'ombe walipotolewa. Anasema kilikuwa kiangazi, kabla watu hawajahamishwa, na mpaka leo anaweza kuwataja ng'ombe wale mmoja mmoja kwa rangi na kwa jina la aliyemtoa: mwekundu mwenye baka jeupe usoni alitoka kwa baba yake mdogo, dume jeusi lililovunjika ncha ya pembe lilitoka kwa mjomba wa Bariadi, na mtamba wa kijivu aliongezwa mwishoni baada ya upande wa mama kukataa ndama aliyekuwa anachechemea. Kwake yeye, ndoa ilikamilika pale zizi la babu mzaa mama lilipofungwa na ng'ombe wake wakiwa ndani. Mama anasema siku hiyo yeye alikuwa bado yuko kwao, anatwanga na kuchota maji kama kawaida, na kwamba ndoa ilianza siku aliposindikizwa na shangazi zake hadi kijiji kipya, akakuta nyumba imeezekwa upande mmoja tu. Tunakisia kuwa huo ulikuwa mwaka 1974.

Halafu ipo siku ya tatu, ya ndoa ya kanisani, ambayo wote wawili wanakubaliana kuwa ilikuwa mwaka CCM ilipozaliwa, yaani 1977, na dada yetu mkubwa alikuwa tayari anatembea. Ipo picha moja ya siku hiyo. Mama amevaa gauni la kuazima lililomzidi urefu, amelikunja kwa mkono wa kushoto lisiburuzike, na mkono wa kulia amemshika dada, ambaye hataki kabisa kutazama kamera.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Mama amezaa watoto wanane, na tulio hai ni sita. Wawili walifariki wakiwa wadogo, mmoja wao kwa surua. Baba anaposimulia maisha yao hawataji, wakati mama akihesabu uzazi wake hawaachi.

Naomba ushauri wenu: tushike tarehe ipi, tuwaulizeje wazee bila kuwafanya washindane mbele yetu, na hao wadogo zetu waliotangulia tuwaandike vipi?

Katekista Mstaafu

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa kuwakumbuka wazazi wangali wanasikia. Nimehudumu kigangoni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nitaanza na upande wa kanisa, ingawa sidhani kama ndio unaomaliza shauri lenu.

Kama ndoa ile ilifungwa katika Kanisa Katoliki, imeandikwa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni kitabu cha ndoa cha parokia ilipofungwa, ambamo huandikwa majina ya wanandoa, mashahidi, padre aliyesimamia, mahali na tarehe. Mahali pa pili, ambapo watu wengi hawapafahamu, ni kitabu cha ubatizo cha parokia ambako kila mmoja wao alibatizwa, kwa kuwa taarifa ya ndoa hupelekwa huko ikaandikwa pembeni mwa jina lake. Kwa hiyo hata kama kitabu cha ndoa kimechakaa au kimeliwa na mchwa, msikate tamaa kabla ya kuuliza huko kwenye ubatizo. Nendeni na majina waliyotumia wakati ule, yaani jina la ubatizo pamoja na jina la baba, kwa sababu majina ya ukoo wanayotumia leo huenda hayamo kabisa. Majina ya mashahidi yaangalieni kwa makini. Mara nyingi shahidi ni rafiki wa ujana ambaye familia imekwisha kumsahau, na pengine bado yuko hai kijiji cha pili.

Mkiomba misa ya jubilei, paroko atahesabu kutoka siku ya sakramenti, kwa hiyo misa ya miaka 50 itaangukia 2027. Hilo lisiwafanye mseme kwamba kabla ya 1977 wazazi wenu walikuwa wanaishi tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya kiserikali na ya kimila, na mama yenu aliingia katika nyumba ile akiwa mke aliyetolewa na wazazi wake mbele ya watu. Nimewaona wazee wengi waliokuja kubariki ndoa wakiwa na watoto wanne au watano, na sikumwona hata mmoja aliyedhani kwamba ndoa yake inaanza asubuhi hiyo. Walikuja kuiweka mbele za Mungu ndoa ambayo tayari walikuwa wameitolea jasho.

Ningekuwa mimi, ningeandika siku zote tatu katika kijitabu kwa mfuatano wake, kila moja na msimulizi wake. Sherehe ya nyumbani muifanye mwaka wowote wazee wakiwa na afya, na misa ya jubilei isubiri wakati wake.

Bibi wa Chumbageni

Mwanangu wa Maswa, mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu shida ya kuwa na siku tatu haiko hivyo, kwa sababu siku ya kufunga nikaha inajulikana. Shida yetu sisi ni kwamba mama zetu hawakuishika kwa kalenda ya ukutani. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameolewa mfungo mosi, katika siku zile za mara baada ya Ramadhani ambapo harusi hufuatana mtaa mzima, na mtoto wake wa kwanza amezaliwa mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Mwaka hakuutaja. Tukilazimisha mwaka, alikuwa ananyamaza na kuomba chai.

Kilichofungua maneno ni sanduku lake. Siku moja tulikuwa tunaanika nguo zake juani, ikatoka doti ya kisutu, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo kwetu bibi harusi haikosi. Ilikuwa imepauka kwenye mikunjo hata ukiigusa unaona inataka kuachana, na upindo wa upande mmoja ulikuwa umeshonwa kwa mkono kwa uzi wa bluu. Nikamuuliza tu ni nani aliyeshona pale. Akaeleza kwamba ni wifi yake, siku ya pili ya harusi, kwa sababu ilichanika kwenye msumari wa kitanda, na kwamba kitanda chenyewe kilikuwa kimenunuliwa kwa fedha za mkonge, baba alipokuwa karani katika shamba moja la huko Korogwe. Kutoka hapo tukapata mkaja aliopewa bibi yetu, kilemba cha babu, jina la somo yake, na jinsi walivyogombana na upande wa mume kwa sababu ya idadi ya watu watakaokula. Mambo hayo tulikuwa tumeyauliza kwa miaka na hatukuyapata.

Kwa hiyo usimwendee mama yako na maswali ya lini. Mpelekee ile picha ya gauni, uketi naye, umuulize gauni lilikuwa la nani na lilirudishwaje. Muulize alibeba nini siku shangazi zake walipomsindikiza. Mwanamke anayepelekwa kwenye nyumba mpya anakumbuka kila chungu na kila kikapu alichokwenda nacho, kwa kuwa ndivyo vitu pekee katika nyumba ile vilivyokuwa vyake.

Na muulizeni kila mmoja peke yake kwanza. Mwanamume akiwa amekaa hapo, mama wa umri ule atamwachia aseme, kisha ataitikia kwa kichwa hata pale asipokubali. Simu ya kurekodi muitoe baada ya mazungumzo kunoga, tena kwa ruhusa yake, na mumsikilizishe sauti yake mwenyewe kabla ya kuondoka.

Juu ya watoto waliotangulia sitasema mengi, kwa sababu jambo hilo ni la mama yenu. Lisiamuliwe na ndugu kwenye simu.

Mwana wa Kitui

Ndugu wa Maswa, hujambo. Nakuandikia kutoka Kenya, na nimefurahi kuona kwamba mnayoyapitia hayana mpaka. Kwetu Ukambani, mzee akiulizwa kama fulani ni mke wake, atakuambia kuhusu mbuzi wa ntheo. Wakishatolewa na kupokelewa, huyo ni mke, hata kama kanisa au cheti kitakuja baada ya miaka mingi. Hata mahakama zetu, katika kesi za urithi, huuliza swali hilo hilo la ntheo. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 2014 ilitaka ndoa za kimila nazo zisajiliwe, na hapo ndipo wazee wengi walipoketi kwa mara ya kwanza kutafuta tarehe ya jambo lililotokea kabla watoto wao hawajazaliwa.

Njia iliyotusaidia nyumbani ni ile wanayoitumia makarani wa sensa wanapokutana na mtu asiyejua mwaka wake, yaani kuliweka tukio la familia kando ya tukio la nchi. Sisi tuliuliza: Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 1978, nani alikuwa amezaliwa? Wakati wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, baba alikuwa akifanya kazi wapi, na habari aliisikia kwa redio ya nani? Njaa ya 1984 ilipoingia, na tukawa tunakula mahindi ya njano, mama alikuwa ananyonyesha mtoto yupi? Majibu yakikaa pamoja, mwaka unajitokeza wenyewe.

Kwenu Tanzania mnayo matukio ya kutosha, na baadhi ni makali kama kisu kwa kutenga miaka. Sensa yenu ilifanyika Agosti 1978, na miezi michache baadaye Vita vya Kagera vikaanza, kwa hiyo muulizeni mama alikuwa na watoto wangapi karani alipopita na ni nani aliyezaliwa wakati vijana wakienda vitani. Tena, wazazi wenu wametoka katika nchi ya pamba. Vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania vilivunjwa mwaka 1976, na ununuzi wa mazao ukahamia kwenye mamlaka za serikali. Ikiwa baba anakumbuka kwamba fedha za nguo za harusi zilitoka kwenye pamba, muulizeni aliiuza wapi, kwa chama cha ushirika au kwa mamlaka. Kama ametunza stakabadhi, na wakulima wa rika lake hawatupi karatasi kirahisi, hapo mtapata tarehe iliyopigwa muhuri.

Ila msitegemee sana kitambulisho. Mkiona mtu amezaliwa tarehe mosi Januari, inawezekana mwenye ofisi ndiye aliyejaza siku na mwezi kwa sababu mzee alijua mwaka peke yake.

Hapa nitatofautiana kidogo na Bibi wa Chumbageni. Ni kweli waulizwe mmoja mmoja, lakini baadaye waketisheni pamoja, wasikilize masimulizi ya kila mmoja. Wazazi wangu walipofanya hivyo walibishana jioni nzima kuhusu mvua, kama ilinyesha siku ya ntheo au siku iliyofuata, na katika ubishi huo ndipo tulipojua kwamba babu hakutaka ndoa ile na kwamba shangazi yetu mkubwa ndiye aliyekwenda kumbembeleza. Hakuna kati yao aliyekuwa ametuambia hilo akiwa peke yake.

Watafuteni pia walioswaga ng'ombe wale kutoka kwenu hadi kwa babu mzaa mama. Wakati huo walikuwa vijana wadogo, kwa hiyo huenda wapo. Wao hawana upande, na njia waliyopita wanaijua.

Mama wa Wanne

Nimesoma yote kimya, na nilikuwa sitaki kuchangia, lakini swali la tatu la mwenye mada limenigusa.

Mimi nimezaa watano, na wanne ndio mnaowasikia katika jina langu la humu. Yule wa pili aliishi wiki chache. Watu wa nyumbani kwangu hawamtaji kwa sababu wananipenda na wanaogopa kunitonesha, nami kwa miaka mingi niliwaelewa hivyo na sikulalamika. Lakini kila mtu anaponiuliza nina watoto wangapi, kabla sijajibu nafanya hesabu mbili kichwani, na ile ya kwanza ndiyo ya kweli kwangu.

Kwa hiyo naunga mkono kwamba mama aulizwe, tena aulizwe na binti yake, wakiwa wawili tu. Asiulizwe kama anataka waandikwe. Ukimuuliza hivyo atasema hapana, ili asiwaharibie sherehe. Aulizwe majina yao, nani aliwapa majina hayo, walifanana na nani, walianza kutambaa au kutembea au bado. Kama atayaeleza, basi amekwisha kujibu, na mnaweza kumwomba ruhusa ya kuyaandika. Kama atageuza mazungumzo, mwacheni, na katika kijitabu muandike kwamba amezaa wanane, bila maelezo.

Baba naye msimwone kuwa mgumu wa moyo. Mume wangu hajawahi kulitaja jina la mtoto wetu, lakini kaburi lake halijawahi kuota majani, na hakuna mwingine anayelipalilia. Pengine mzee wenu ana namna yake ambayo ninyi, mkiwa mbali mjini, hamjaiona. Muulizeni dada mkubwa, yeye alikuwepo.

Mzaliwa wa Maswa

Wakubwa zangu, nawashukuru kutoka moyoni. Nimewasomea ndugu zangu majibu yenu yote, na la Mama wa Wanne dada mkubwa aliomba nimrudie kulisoma. Amesema atakwenda Maswa yeye mwenyewe kuzungumza na mama, na ameniambia jambo ambalo sikulijua: wale wawili walizikwa katika eneo la zamani, kabla kijiji hakijapimwa upya, na baba hupita huko kila anapokwenda mnadani, ingawa ile siyo njia ya mnadani.

Tumekubaliana kuziandika siku zote tatu. Sherehe ya nyumbani tutaifanya mwaka huu baada ya mavuno, na misa tutaiombea 2027. Orodha ya ng'ombe tutaiandika kama baba anavyoitaja, pamoja na majina ya waliowatoa, kwa sababu dada zetu walipoolewa baadhi ya watu hao walirudishiwa kutoka katika mahari zao, na wajukuu hawaelewi kwa nini mzee fulani wa Bariadi anaheshimiwa kiasi kile nyumbani kwetu.

Limebaki swali moja kwa Katekista. Baba alibatizwa utotoni huko huko Maswa, lakini mama alibatizwa akiwa mtu mzima, muda mfupi kabla ya ndoa, na hana hakika kama ni parokiani au kigangoni. Tuanzie wapi?

Katekista Mstaafu

Mwanangu, anzeni na parokia iliyofunga ndoa. Ubatizo uliofanyika kigangoni kwa kawaida huandikwa katika kitabu cha parokia inayosimamia kigango hicho, kwa hiyo hata kama mama alibatizwa chini ya mti, jina lake linapaswa kuwa parokiani. Tatizo linaweza kuwa mipaka: parokia nyingi zimegawanywa tangu miaka ile, na kigango kilichokuwa chini ya parokia moja mwaka 1977 leo kinaweza kuwa chini ya nyingine, au chenyewe kimekuwa parokia. Vitabu vya zamani mara nyingi hubaki kule kwenye parokia mama, basi ulizeni ni misheni ipi iliyokuwa inahudumia eneo lenu wakati ule.

Mpigieni paroko simu kwanza, msimtokee ghafla Jumapili baada ya misa akiwa na watu wengi. Kupekua vitabu kunataka utulivu, na mkifika siku ya kazi mkiwa na majina kamili, majina ya wazazi wa mama na mwaka wa kukadiria, mtasaidiwa vizuri. Kwa kuwa mama alibatizwa akiwa mtu mzima, muulizeni alisoma mafundisho kwa katekista yupi na nani alikuwa msimamizi wake wa ubatizo, kwa sababu jina la msimamizi nalo huandikwa katika mstari ule ule na litawasaidia kumtambua endapo kuna wanawake wawili wenye jina linalofanana. Mkiruhusiwa kupiga picha ukurasa, funikeni majina ya watu wengine kwa karatasi, mpige mstari wa wazazi wenu peke yake.